Waliolala Darasa la Saba

Mwezi uliopita binti mmoja aliyeajiriwa hivi karibuni na shirika la misaada alinikuta sokoni Nachingwea ninachagua dagaa. Alikuwa amevaa ile fulana yao yenye mifuko mingi, ana simu mbili mkononi. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo Mama Uji," nikaitika marahaba, kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa linamkereketa siku nyingi.

"Mama, hivi nyinyi zamani mlifanyaje kazi hii bila simu?"

Nikamwambia, "Tulikuwa tunakwenda."

Akacheka, akidhani ninamtania. Sikuwa ninamtania. Watu wakiwa na shida Mandawa, ulikwenda Mandawa. Barabara ikiwa imekatika ulishuka kwenye gari, ukakunja kitenge, ukaendelea kwa miguu. Ulifika umelowa, matope hadi magotini, na wenyeji wakakupa maji ya kunywa kabla wewe hujawapa chochote. Mazungumzo yanayoanza hivyo huanza vizuri. Lakini jibu langu lilikuwa fupi mno na yule binti alikuwa na haraka. Basi haya ninayoyaandika ni yake, na ni yenu wenzake wote mnaoingia katika kazi ya kuwahudumia watoto wa shule na watu waliopoteza makao.

Jina la Mama Uji sikulipata kwa sifa. Nilianza katikati ya miaka ya tisini, katika shule za upande wa Nambambo, ambako ndiko kwetu. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mihogo ikatoka ardhini myembamba kama vidole. Shirika likaleta unga wa lishe, na mimi niliyekuwa nimesomea mapishi nikapewa kusimamia jiko la shule. Nilijua kupika uji wa watu sita. Uji wa shule nzima ndani ya pipa nilikuwa sijawahi kuuona. Nikamwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka, ukafanya madonge makubwa kama mayai ya bata. Watoto waliyatafuna kimya, kwa adabu. Kesho yake nikawasikia njiani wanaimba wimbo walioutunga wenyewe, unahusu Mama Uji na viazi vyake.

Mkubwa wangu wa kazi aliitwa Bwana Komba. Alikuwa Mngoni wa Songea, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyehudumia wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Siku ile alikuja jikoni, akachota, akatafuna, akameza. Akasema, "Nyinyi Wamwera babu zetu waliwakimbiza sana enzi za vita. Naona leo mmeamua kulipiza kisasi." Ndio utani wetu sisi na Wangoni, na mtu asiyeujua angedhani tunagombana. Kisha akakunja mikono ya shati akanionyesha. Unga unaukoroga kwanza kwenye ndoo ya maji ya baridi mpaka uwe kama maziwa mazito, halafu unamimina kidogo kidogo huku mwenzako anakoroga pipa bila kupumzika. Mwiko uwe na urefu wa mtu, la sivyo moto utakuunguza nyusi. Zangu ziliungua.

Kwake nilijifunza mengi ambayo hayakuwa ya mapishi. Watoto wadogo wanaanza, kwa sababu wakubwa wakianza wadogo hawafiki. Mpishi anakula mwisho, tena watu wanamwona akila, ili wajue pipa limeisha kweli. Blanketi mpe mama, maana ukimpa baba huenda likafika nyumbani, huenda lisifike. Mgeni mwenye kamera asisimame kati ya mtoto na bakuli. Hilo la mwisho alilishika kwelikweli. Nilimwona akimshika mkono mzungu mmoja mzee kwa heshima zote, akamwongoza pembeni kama anayemvusha barabara.

Tulikuwa na vichekesho vyetu pia. Safari moja tulipokea marobota ya nguo kutoka nchi ya baridi, tukayafungua Nachingwea katika joto la Novemba. Kumbe yalikuwa glavu za sufu. Glavu tupu, nyekundu, na nyingine zina picha za paa mwenye pembe nyingi. Bwana Komba alizitazama muda mrefu akasema, "Msizitupe. Watu watatuonyesha kazi yake." Kweli, haikupita wiki, akina mama wapishi wakawa wanazivaa kuipua masufuria, na warina asali wakaja kutoka vijiji vya mbali kuuliza kama zimebaki. Tangu siku ile sijatupa kitu kabla ya kuuliza watu.

Lakini nataka kuwasimulia habari moja hasa, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi hii ni nini. Ilitokea Ruangwa, upande wa Mandawa, mwishoni mwa miaka ya tisini. Jina la shule yenyewe ninaliacha.

Mwaka ule mvua ilianza kabla ya wakati wake na haikujua kuacha. Mto Mbwemkuru ukatoka kwenye njia yake, ukaingia bondeni kwenye mashamba ya mpunga, ukachukua nyumba za watu. Wenyewe waliokoka, kwa kuwa maji yalipanda mchana na wazee waliyasoma mapema. Walipanda kilimani na walichoweza kubeba: mikeka, kuku, mtungi, jiwe la kusagia. Na kilimani jengo lenye bati lilikuwa moja tu, shule ya msingi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mwakalinga, mtu wa Mbeya aliyepangiwa kazi huku akiwa kijana na akazeekea huku, aliwafungulia madarasa bila kumuuliza mtu. Ilikuwa likizo.

Likizo ikaisha. Watoto wakarudi, na madarasa yamejaa watu.

Tulipofika tulikuta darasa la kwanza linasoma chini ya mikorosho na darasa la saba limefungiwa turubai pembeni ya uwanja wa mpira. Ndani ya madarasa familia zimegawana vyumba kwa vitenge, na moshi unatokea madirishani. Mwalimu Mwakalinga alitupokea amevaa koti lake la suti, limelowa mabegani.

"Mama, wale ni wageni wangu na hawa ni watoto wangu," aliniambia. "Nimtoe nani, nimwache nani?"

Nilikuwa na pipa na unga, basi nikawasha moto.

Hapo tukakutana na tatizo letu la kwanza. Maagizo ya makao makuu yalikuwa kwamba chakula ni cha waliokumbwa na mafuriko peke yao. Sasa fikirini. Watoto wa bondeni na watoto wa kijiji wanasoma pamoja, kengele inalia, nusu wanakwenda kunywa uji na nusu wanasimama kuangalia. Wenyeji nao mashamba yao yalikuwa yameoza kwa mvua. Siku ya kwanza niliona watoto wa bondeni wakinywa huku wamegeuka, wameupa mgongo uwanja. Aibu ya mtoto anayekula mbele ya mwenzake asiyekula ni kitu kibaya kukiona. Siku ya pili Bwana Komba akaniambia, "Shule moja, pipa moja. Ongeza maji, ongeza unga." Makao makuu walipolalamika, aliwajibu kwa simu ya upepo iliyokuwa kwenye gari: "Sawa. Basi njooni nyinyi mkawaambie wale watoto waondoke mstarini. Nitawashikia pipa." Hawakuja. Baada ya hapo wakatuongezea unga.

Uji ulituliza matumbo ila haukutoa watu madarasani. Darasa la saba walikuwa na mtihani wa kumaliza shule mwaka uleule, na wazazi wa kijijini walikuwa wamesubiri miaka saba. Asubuhi moja walikuja shuleni, akina baba wengi na akina mama wachache, wengine na majembe begani kama wanapita tu kwenda shamba. Hawakuwa wanapita. Mmoja, baba kijana mwenye hasira, alipanda kwenye baraza la madarasa akachukua furushi la mikeka lililokuwa mlangoni, akalitupa uwanjani kwenye tope.

"Watoto wetu wanasoma kama mbuzi!" alipiga kelele. "Inatosha!"

Mlangoni kwa darasa la saba akatokea mwanamke wa makamo, mweusi tititi, kanga imefungwa kwa nguvu kiunoni. Ilikuwa mikeka yake. Tulimfahamu kwa jina la Bi Somoe, kwa sababu watu wa bondeni walikuwa wakimtuma yeye kila walipotaka kusema nasi jambo.

"Umeshaanza na mikeka yangu," alisema. "Sasa njoo unitoe mimi."

Yule baba akapiga hatua. Nyuma yake mwanamke wa kijijini, mmoja wa wale wazazi waliokuja kulalamika, akalia kwa sauti: "Muache! Muache, huyo ni mama yangu!"

Watu wote waligeuka. Mwanamke yule aliitwa Fatuma, na binti yake Zainabu alikuwa darasa la saba. Fatuma alipita katikati ya wanaume, akaokota mikeka kwenye tope, akaanza kuipangusa kwa kanga yake huku analia. Yule baba kijana akabaki amesimama hajui mikono aiweke wapi. Bwana Komba hakuhutubia. Alikwenda akainama akamsaidia Fatuma kuokota, nami nikaenda, na mwisho yule kijana naye akaokota mmoja uliokuwa umebingirika mbali. Wazazi wakatawanyika. Lakini wakati anaondoka, mwenyekiti wa kijiji alituambia kwa sauti ya chini, "Leo imepita. Ya pili haitapita. Tafuteni mahali."

Mahali palikuwepo. Kila mtu alipajua. Nyuma ya shule kulikuwa na mwinuko wa kichanga, maji hayatuami, kisima kiko karibu. Upande mmoja ulikuwa na mikorosho na upande mwingine umepumzishwa, majani matupu. Ulikuwa wa Mzee Saidi Nnunduma. Tukafunga safari kwenda kumwomba: mwenyekiti, mtendaji wa kata, Bwana Komba na mimi, ndani ya gari la shirika hadi mlangoni kwake. Mtendaji akasema maneno mazuri sana. Akazungumzia waathirika, eneo mbadala, makazi ya muda. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja.

"Nimesikia."

Tukashukuru, tukarudi tumefurahi. Shikeni hili, wanangu, litawasaidia hata mkiwa wilaya nyingine: mtu mzima akikwambia "nimesikia", hajakubali. Amekwambia masikio yake ni mazima. Kesho yake tulipokwenda na kamba za kupimia, tukakuta ameweka miiba njiani.

Fatuma ndiye aliyenieleza. Alikuja jikoni, akachukua mwiko mkononi mwangu ili apate kisingizio cha kutonitazama. "Mzee Nnunduma ni baba yangu," alisema. "Na Bi Somoe ni mama yangu. Waliachana mimi nikiwa mdogo."

Ilikuwa hivi. Zamani Bi Somoe alikwenda kwao bondeni kumzika mama yake, akakaa huko kwenye matanga na kumuuguza dada yake. Aliporudi alimkuta mwanamke mwingine jikoni kwake, ameolewa bila yeye kuambiwa. Hakugombana. Aliinua jiwe lake la kusagia, akaliweka kichwani, akarudi bondeni nalo kwa miguu. Mzee alikataa kutoa talaka, na ndipo Bi Somoe alipokwenda kwa shehe, akaeleza yote mbele ya watu siku ya Ijumaa. Talaka ikatoka. Mzee hakusamehe kusemwa mbele ya watu, na Bi Somoe hakusamehe lile jiko. Fatuma alikuja kuolewa kijijini kwa baba yake, akajenga uwanjani mwa huyo mzee, na tangu hapo mama yake hakuwahi kufika kwake. Wajukuu walipelekwa bondeni kumwona.

"Mafuriko yalipokuja nilimwambia, mama, njoo ulale kwangu," Fatuma alisema. "Akaniambia, uwanja ule sikanyagi. Akaenda kulala shuleni. Na katika vyumba vyote akapata kile cha Zainabu."

Nilikwenda kumwona Bi Somoe. Nilimkuta anachambua maharage, nikakaa, nikachambua naye. Nilipomtaja Mzee Nnunduma, mikono yake haikusimama.

"Mwanangu, wewe ni mtu mzuri," alisema. "Uji wako hauna madonge. Lakini hilo usiniambie."

Sikumwambia tena. Hapa vijana mnapenda kushindana na mtu mpaka akubali. Ukishinda hivyo, atakubali mdomoni tu.

Mwisho mvua ndiyo iliyoamua. Siku chache baadaye, asubuhi, wingu lilipasuka watoto wakiwa chini ya turubai. Maji yakajaa katikati, kamba zikang'oka, turubai lote likawaangukia. Hakuna aliyeumia, ila kila kitu kililowa. Watoto wakakimbilia barazani kwa madarasa. Mimi nilikuwa barazani hapo hapo na ndoo, nikaona haya kwa macho yangu.

Zainabu alifika mlangoni kwa darasa la saba, maji yanamchuruzika, madaftari ameyakumbatia kifuani na wino wa bluu unamshukia kwenye sketi. Ndani mlikuwa na familia, mtoto mchanga amelala, mzee mmoja anaswali. Zainabu akasimama kizingitini. Hakuingia. Akasema, "Hodi."

Bi Somoe alikuwa amekaa karibu na ubao. Alimtazama mjukuu wake mlangoni, akatazama ubao, akatazama yale madaftari.

"Karibu," alisema. Akainuka, akamvuta mtoto ndani, akamfuta kichwa kwa kanga yake.

Mchana jua lilipotoka alinikuta nikifunga jiko. Alikuwa amejitanda kanga mpya. "Twende," alisema.

"Wapi, bibi?"

"Unajua wapi."

Tulikwenda kwa miguu, sisi wawili tu. Mzee Nnunduma alikuwa barazani kwake anapara mpini wa jembe kwa kipande cha chupa. Alipoinua macho akaona nani amesimama uwanjani, mkono wake ulitulia.

"Hodi," alisema Bi Somoe.

Mzee alisogeza kiti. "Karibu, Mama Fatuma. Kiti hicho."

"Sikai."

"Jua kali."

"Bondeni pia lipo."

Nilimwamkia Mzee shikamoo, akaniitikia bila kunitazama. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikasimama kwenye kivuli cha banda la kuku, maana niliona hapa shirika halina neno.

"Baba Fatuma," alisema Bi Somoe, "sikuja kwa ya zamani. Ya zamani anayajua Mungu. Nimekuja kwa ajili ya Zainabu."

"Zainabu ana nini?"

"Leo amenipigia hodi. Chumba chake mwenyewe cha shule, ntoto anasimama mlangoni amelowa, ananiomba ruhusa, kwa kuwa bibi yake amelala humo." Akanyoosha kidole upande wa shule. "Mimi nimemlalia chumba. Wewe umemkalia ardhi. Ntoto mmoja, na sisi wazee wawili tumemziba huku na huku."

Mzee aliweka mpini chini. Akaweka na kile kipande cha chupa, taratibu, mbali na njia ya watu.

"Walikuja wale na gari," alisema. "Wakasema makazi, sijui eneo, sijui nini. Hakuna ntu aliyesema Zainabu."

"Mimi nimesema."

"Hawakusema pia kwamba na wewe umo humo darasani."

"Wangesema ungekubali?"

Mzee alilifikiria swali hilo kwa dhati. "Ningekataa mara mbili," alisema.

Nilimwona Bi Somoe akiuma mdomo ili asicheke. Akageuza uso. Kuku alipita, kitoto cha jirani kilipita, nami nilikuwa ninaomba Mungu nisikohoe. Kisha Mzee akainuka, akachukua panga lililokuwa limechomekwa kwenye paa, akatangulia bila kutuita. Tukamfuata. Alikwenda hadi kwenye mwinuko, akaanza kuondoa miiba aliyoiweka mwenyewe. Halafu akatembea mpakani, kila penye kona anakata kijiti na kukichomeka.

"Hapa mpaka hapa," aliniambia mimi. "Mikorosho yangu msikate hata tawi. Na choo msichimbe upande wa kisima."

"Hatutachimba, Mzee."

"Mpaka maji yarudi. Mpaka yarudi yenyewe, sio mpaka mtu aseme."

Bi Somoe alikuwa amesimama ndani ya mpaka. "Ahsante," alisema. Mzee akajibu, "Haya." Kila mtu akashika njia yake.

Kazi iliyofuata ndiyo ile mnayofundishwa siku hizi kwenye semina, na ninawaomba msiidharau. Chimba choo kabla ya kusimamisha hema. Chimba mfereji kabla ya hema pia, maana hakuna atakayeuchimba akishaingia ndani. Na pa kuweka choo waulize akina mama. Sisi tulitaka kukiweka mwisho kabisa, nyuma ya majani marefu. Bi Somoe akamuuliza Bwana Komba, "Wewe binti yako ungempeleka huko peke yake?" Bwana Komba akang'oa vijiti vyake akavileta karibu. Wazazi wa kijiji walikuja kusaidia kukata nyasi za kuezekea, na yule baba kijana aliyetupa mikeka alikuwa wa kwanza. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alijenga banda la Bi Somoe, akaliezeka mara mbili.

Siku madarasa yalipofunguliwa, watoto waliyafagia wenyewe, wakapiga lipu ya udongo pale mafiga yalipochimba sakafu. Mwalimu Mwakalinga alisimama mbele ya darasa la saba na chaki mkononi, akashindwa kuanza. Akawaambia wasome kimya, akatoka nje akaja kusimama karibu na pipa langu. "Moshi wako huu, Mama," alisema, akifuta macho. Moto nilikuwa sijawasha.

Najua mnangoja niwaambie kwamba Zainabu alifaulu. Alifaulu, ila hakuchaguliwa. Enzi zile nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko vidole, na waliochaguliwa kutoka shule ile walikuwa mtoto mmoja wa mwalimu na mtoto mmoja wa bondeni. Nililia zaidi ya Zainabu. Yeye alikwenda Nachingwea mjini kujifunza cherehani, akawa fundi mzuri, na magauni ya sare za shule nyingi za huku ameshona yeye. Ninawaambia hili kwa sababu mtakutana nalo. Utafanya yote yanayofaa kufanywa, na jambo ulilolifanyia halitatimia. Lakini mtoto alisoma ndani ya chumba chake, akafanya mtihani wake akiwa mkavu. Hilo lilikuwa haki yake, achaguliwe asichaguliwe.

Maji yaliporudi, watu walianza kushuka bondeni. Siku moja Mzee Nnunduma aliniita, akazunguka sana, akauliza habari za Songea ambako hana mtu, mwisho akasema, "Yule Mama Fatuma, mwambie akitaka kubaki pale, hakuna atakayemfukuza."

Nilipeleka ujumbe. Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akapangusa macho, akatazama mwinuko ule muda mrefu. "Mwambie nimeshukuru," alisema. "Lakini mpunga haulimwi kilimani. Mimi ni mtu wa bondeni." Akashuka na wenzake. Ila uwanja wa bintiye alianza kuukanyaga. Alikuja sikukuu ya Idi, alikuja wajukuu walipougua, na Mzee alipofariki miaka michache baadaye, alikaa matangani hadi siku ya mwisho, na hakuna aliyemuuliza anakaa kama nani.

Katikati ya miaka ya elfu mbili, mimi nikiwa karibu kustaafu, Mbwemkuru ulitoka tena. Habari ilitufikia Nachingwea asubuhi. Bwana Komba alikuwa ameshahamishwa, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Tulipakia maturubai, unga, mapipa, sepetu, tukaondoka kwa haraka yote tuliyokuwa nayo. Barabara ilikuwa mbaya, tukafika siku ya pili. Njia nzima nilikuwa ninapanga kichwani nitamwambia nini mwalimu mkuu mpya, na wazazi, na nani tumwombe ardhi sasa.

Tulisimama shuleni. Kulikuwa kimya. Nilisukuma mlango wa darasa la saba nikawakuta watoto wameinamisha vichwa wanaandika, na mwalimu akanitazama kama mtu aliyekatizwa kazi. Nikaomba radhi nikafunga mlango.

Nikapanda kwenye mwinuko kwa miguu. Watu wa bondeni walikuwepo wote. Walikuwa wameshajenga, vibanda vya miti na nyasi vimepangwa mistari miwili, mifereji imechimbwa, choo kiko mahali pake na mlango wa mkeka. Fatuma, ambaye mwinuko ule sasa ulikuwa wake, alikuwa anagawa maji. Akaniambia hakuna aliyekuja kuomba, na yeye hakungoja kuombwa. Maji yalipoanza kupanda alitoka tu na jembe akaanza kusafisha.

Bi Somoe, mzee sasa, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya sinia la mihogo ya kuchemsha, wajukuu wamemzunguka. Alinitambua kwa sauti kabla ya sura.

"Mama Uji! Mmekuja kufanya nini?"

"Tumekuja kuwasaidia, bibi."

Aliwageukia wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Akasogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi pembeni yake.

"Umelowa," alisema. "Kaa kwanza ule."

Dereva wangu alikuwa amenifuata nyuma, anahema. "Mama, tushushe mizigo?"

"Ngoja," nilimwambia, huku ninavua viatu. "Nimekaribishwa."